Faini ya Kwanza ya Mwendo Kasi Ukiwa Mbali na Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikiwa dereva wa gari la kibinafsi ambaye, akiwa safarini kati ya Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi mwa Kenya, amesimamishwa kwa mara ya kwanza na kuambiwa kwamba alipita kasi inayoruhusiwa. Kosa lenyewe kwa kawaida si kubwa. Kinacholifanya liwe zito ni umbali: mahakama itakayosikiliza kesi iko katika mji usioujua, tarehe imeangukia siku ya kazi, na mafuta ya kurudi huenda yakagharimu zaidi ya faini yenyewe. Kwa hiyo majibu haya yanalishughulikia zaidi swali la kama utalazimika kurudi, na yale unayoweza kuyafanya ungali papo hapo kando ya barabara ili usije ukarudi bila sababu.

Nimesimamishwa na trafiki. Nianze na nini?

Egesha gari nje kabisa ya barabara, washa taa za tahadhari, zima injini na umsubiri afisa akufikie. Atakuomba leseni, na ni vyema iwe karibu, kwa sababu kushindwa kuionyesha ni kosa jingine lenye faini yake ya Sh1,000. Ukishamsalimia, muulize kwa heshima kasi uliyopimwa, kiwango kinachoruhusiwa mahali hapo, na kama anaweza kukuonyesha kipimo hicho kwenye mashine. Iwapo mashine ni ya kupiga picha, usitazame tarakimu za kasi pekee. Tazama pia saa iliyoandikwa na nambari ya gari inayoonekana. Katika barabara ambako matatu na magari madogo hupitana kila dakika, si jambo la ajabu gari lililopimwa kuwa lile lililokupita sekunde chache kabla hujasimamishwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuandika. Weka katika simu jina la mahali, saa, kasi uliyotajiwa, na jina la afisa kama lilivyo kwenye kifua chake pamoja na nambari yake ya utumishi. Kabla ya kuendelea na safari, rudi kidogo nyuma ukaangalie kama kweli kuna kibao kinachoonyesha kiwango cha kasi, na ukipige picha kikiwapo au upige picha ya mahali palipokosa kibao. Aliyesimamishwa karibu na kwao anaweza kurudi wiki ijayo kutafuta kibao hicho. Wewe uliyetoka Bungoma huwezi.

Kuwa na adabu si sawa na kukiri. Wengi wetu tumelelewa kuomba radhi kwanza na kueleza baadaye, na hivyo dereva husikika akisema, “Samahani afande, nilikuwa na haraka kidogo.” Maneno hayo ni ya heshima, lakini pia yanaweza kurudiwa mahakamani kama ungamo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 49, inampa kila anayekamatwa haki ya kunyamaza. “Nimekuelewa, afande, naomba kuona kipimo” yanatosha kabisa.

Kiwango cha kasi ni kipi hasa? Sikuona kibao chochote.

Kwa gari la kibinafsi, kiwango ni kilomita 110 kwa saa kwenye barabara yenye njia mbili zilizotenganishwa na kilomita 100 kwenye barabara ya kawaida. Magari ya abiria na malori makubwa hayaruhusiwi kupita 80. Hata hivyo, ndani ya mipaka ya kituo cha biashara, mji, manispaa au jiji, kiwango hushuka hadi 50 kwa kila gari, na hapa ndipo wageni wengi hukamatwa. Ukitoka Nakuru kuelekea Mau Summit na kisha kushika njia ya Kericho, au ukitoka Kisumu kwenda Busia kupitia Maseno, Luanda, Yala na Ugunja, barabara ni moja, lami ni moja, na mara nyingi hakuna kinachokuambia kwamba umeingia mjini isipokuwa matuta, maduka na bodaboda. Mwenyeji hupunguza mwendo kwa mazoea. Mgeni huendelea na 90 zake.

Kuhusu kibao, Sheria ya Trafiki inaipa mamlaka inayosimamia barabara wajibu wa kuweka alama zinazoonyesha wazi mahali ambapo eneo la kilomita 50 linaanza na linapoishia. Kwa hiyo kukosekana kwa kibao ni hoja halali ya kutoa mbele ya hakimu. Lakini ni hoja inayohitaji ushahidi, nao ni ile picha uliyoipiga siku hiyohiyo. Neno lako tupu kwamba hukuona kibao halina uzito mkubwa, kwa kuwa kutoona ni jambo moja na kutokuwapo ni jambo jingine.

Nitatozwa kiasi gani?

Inategemea ulipita kiwango kwa kilomita ngapi, wala si kasi yako kwa jumla. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimepanga hivi: ukipita kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo, kwa 6 hadi 10 ni Sh500, kwa 11 hadi 15 ni Sh3,000, na kwa 16 hadi 20 ni Sh10,000. Zaidi ya hapo hutoki tena na faini iliyopangwa. Suala huenda mbele ya hakimu, ambaye kwa kosa la kawaida la mwendo kasi anaweza kutoza faini isiyozidi Sh100,000.

Piga hesabu ungali barabarani. Aliyepimwa 63 akipita Luanda mahali penye kiwango cha 50 amepita kwa 13, na faini yake ni Sh3,000. Aliyepimwa 118 kwenye barabara ya kilomita 100 amepita kwa 18, na faini yake ni Sh10,000. Aliyepimwa 78 akipita Ahero, ingawa mwendo wake ni mdogo sana kuliko wa huyo wa pili, amepita kwa 28, na yeye ndiye atakayesimama mbele ya hakimu. Watu huiona hesabu hii kuwa ya kionevu mpaka wakumbuke kwamba katika 78 za Ahero kuna watoto wanaovuka barabara.

Tofauti ya kilomita moja mpakani, yaani kati ya 10 na 11, au 15 na 16, au 20 na 21, inaweza kubadilisha kila kitu. Ndiyo sababu inafaa kuiona ile tarakimu kwa macho yako na kuhakikisha kwamba ndiyo iliyoandikwa kwenye notisi au hati ya mashtaka.

Je, ninaweza kulipa bila kwenda mahakamani?

Unaweza, ikiwa kosa lako limo katika makosa madogo na afisa amekupa notisi ya kosa la trafiki. Notisi hiyo inataja kosa, mahali, tarehe na kiasi, na inakupa uchaguzi wa kukubali na kulipa au kufika mahakamani siku iliyotajwa. Ukikubali na kulipa kwa njia iliyoelezwa kwenye notisi, na ukapata risiti, suala limekwisha. Kwa mtu aliye mbali na kwao ambaye anajua kwamba kweli alipita kiwango, mimi sioni njia iliyo bora kuliko hii, na Sh3,000 zinazolipwa leo ni nafuu kuliko safari ya pili.

Shida ni kwamba sheria inasema afisa anaweza kutoa notisi. Haisemi ni lazima. Mara nyingi dereva huelekezwa kituoni, akatoa dhamana na kupewa tarehe ya mahakama, hata pale ambapo kosa lake lingemalizwa kwa notisi. Hakuna ubaya wowote wa kusema, “Afande, nimepita kwa kilomita 12, naomba unipe notisi nilipe.” Anayetaja hesabu kwa utulivu husikilizwa zaidi ya anayelalamika, ingawa uamuzi unabaki kuwa wa afisa.

Liangalie neno “kulipa” kwa makini. Faini halali huenda mahakamani au katika akaunti ya serikali na huzaa risiti. Pesa zinazotumwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo amevaa sare, si faini.

Nimepelekwa kituoni. Je, nitalala ndani?

Kwa kosa la mwendo kasi pekee, haipaswi kufika hapo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine ambaye msaada wake anauhitaji, ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya kadiri, na ya kufikishwa mahakamani katika saa 24. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita.

Mtego uko katika zile saa 24. Zikiisha nje ya saa za mahakama au siku ambayo si ya mahakama, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyesimamishwa Ijumaa jioni akielekea mazishini Siaya hana hakimu wa kumwona hadi Jumatatu, na kwa hiyo suala la dhamana linapaswa kumalizwa kituoni jioni hiyohiyo. Mwombe mkuu wa kituo, si afisa aliyekusimamisha, kwa maana yeye ndiye mwenye kauli.

Dhamana ya kituoni ni ya aina mbili, na wageni huzichanganya. Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba utafika mahakamani. Unatia sahihi, wakati mwingine pamoja na mdhamini, na huilipii chochote. Dhamana ya pesa ni kiasi unachokiacha kama amana, nacho kinabaki kuwa mali yako hadi kesi itakapokwisha. Si faini. Madereva wengine huiacha pale kituoni wakidhani wameshalipia kosa lao, kisha hushangaa miezi baadaye wanapoambiwa kwamba kuna hati ya kuwakamata. Dai risiti rasmi yenye jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kiasi, nambari ya kesi kituoni, jina la mahakama na tarehe. Usipokuwa na risiti hutakuwa na njia ya kudai pesa hizo, na hutakuwa na uthibitisho kwamba uliachiliwa kihalali.

Kabla hujaondoka kituoni, zungumzia tarehe. Ni wakati huu, wakati afisa angali na kalamu mkononi, ndipo unaweza kusema kwamba unaishi Kakamega, kwamba siku za Alhamisi uko kazini, na kwamba ungependelea kesho asubuhi au Jumatatu utakapokuwa ukirudi kutoka Nairobi. Tarehe ikishaandikwa, kuibadilisha kunahitaji hakimu.

Kesi itasikilizwa wapi? Siwezi kuihamishia kwetu?

Itasikilizwa katika mahakama yenye mamlaka juu ya eneo ambalo kosa lilitendeka. Haihamishwi kwa sababu tu mshtakiwa anaishi mbali. Anayesafiri kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho hupita katika maeneo ya mahakama kadhaa, zikiwemo Molo, Kericho na Nyando kabla ya kufika Winam na Kisumu, na mpaka kati ya moja na nyingine hauonekani barabarani. Usikisie kwa kuangalia mji ulio karibu. Soma jina la mahakama kwenye karatasi yako. Kama halisomeki, na mwandiko wa kituoni mara nyingi hausomeki, muulize afisa akutamkie nawe uliandike kwa herufi kubwa pembeni.

Ninaishi mbali. Ni lazima nifike mwenyewe?

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake lina ngazi.

Ikiwa ulipewa notisi na ukailipia, huendi popote. Ikiwa ulipewa samansi ya mahakama, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamtaka hakimu, kwa kosa linaloadhibiwa kwa faini pekee, kumwondolea mshtakiwa sharti la kufika binafsi iwapo mshtakiwa atakiri kwa maandishi au atawakilishwa na wakili. Kukiri kwa maandishi hufanywa kwa barua iliyoelekezwa kwa mahakama iliyotajwa, ikiwa na nambari ya kesi, jina lako kamili, nambari ya kitambulisho, maelezo kwamba umeyaelewa mashtaka na unayakubali kwa hiari yako, na aya moja ya kuomba nafuu. Barua hiyo ifike masjala siku kadhaa kabla ya tarehe, nawe upige simu kuhakikisha imewekwa ndani ya faili, kwa kuwa barua iliyofika masjala na barua iliyo mbele ya hakimu ni vitu viwili tofauti. Hakimu akitoza faini atakupa muda wa kulipa. Muda huo ukipita bila malipo, anaweza kukuita ueleze kwa nini usiadhibiwe.

Ikiwa uliachiliwa kwa bondi au kwa dhamana ya pesa, uliahidi kufika, na usijiondolee ahadi hiyo mwenyewe. Unachoweza kufanya ni kuwasiliana na masjala ya mahakama mapema na kuuliza mambo mawili: kama siku hiyo mahakama inasikiliza kesi za trafiki kwa njia ya video, jambo ambalo mahakama zetu zimekuwa zikilifanya tangu 2020, na kama wakili anaweza kufika kwa niaba yako. Mahakama hazifanani katika hili. Huenda hakimu mmoja akakubali ukiri kupitia simu yako ukiwa umekaa ofisini Kitale, na mwingine akataka akuone kizimbani.

Wakili wa mji huohuo ndiye anayefaa, si wakili wako wa nyumbani ambaye naye atakutoza mafuta ya safari. Lakini piga hesabu kwanza. Kwa kosa ambalo faini yake haifiki hata Sh10,000, ada ya wakili huenda ikawa kubwa kuliko faini, na hapo wakili anamfaa yule tu ambaye kazi au leseni yake iko hatarini, au ambaye hawezi kabisa kufika.

Nikifika na kukiri, siku hiyo inakuwaje?

Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Nenda masjala au uangalie orodha ya kesi iliyobandikwa ubaoni, uthibitishe kwamba jina lako lipo na ujue ni chumba kipi. Zima simu. Kesi za trafiki huitwa mapema na kwa haraka, mara nyingi watu kadhaa wakiwa wamepanga foleni kando ya kizimba, na anayetoka nje kunywa chai hujikuta ameshaitwa.

Karani atakusomea mashtaka kwa lugha uliyoichagua. Sema wazi iwapo unataka Kiswahili, Kiingereza, Dholuo au lugha nyingine; Katiba inakupa mkalimani bila malipo. Utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Ukijibu kwamba ni kweli, kiongozi wa mashtaka atayasoma maelezo ya kosa: mahali, saa, kasi uliyopimwa. Sikiliza maelezo hayo kwa makini kuliko mashtaka yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo 68 inaweza kugeuka 86, na una haki ya kusema kwamba hukubaliani nayo. Hakimu akisikia kwamba unapinga jambo la msingi, ataandika kwamba umekana.

Ukiyakubali maelezo, kiongozi wa mashtaka huulizwa kama una rekodi ya awali, naye huomba uchukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza. Kisha hakimu hukuuliza kama una la kusema. Watu wengi hupoteza nafasi hii kwa kuanza kubishana upya au kwa kulia. Sema mambo machache ya kweli: kwamba hujawahi kushtakiwa, kwamba hukusababisha ajali, kwamba ulishirikiana na maafisa, kwamba umesafiri kutoka mbali ili kuitikia wito, na kwamba unaomba nafuu. Sheria inampa hakimu uwezo wa kumwachilia mkosaji bila adhabu kwa sharti au bila sharti lolote, ingawa kwa mwendo kasi faini ndiyo ya kawaida.

Baada ya faini kutajwa utapelekwa kusubiri hadi malipo yathibitishwe, na asiyeweza kulipa hutajiwa kifungo mbadala. Kwa sababu hiyo njoo na pesa kwenye simu au na ndugu atakayebaki nje kushughulikia malipo, maana ukiwa ndani ya seli ya mahakama simu yako haiko nawe. Ikiwa uliacha dhamana ya pesa, mwombe hakimu aruhusu ikatwe faini humo na salio urudishiwe. Ombi hili dogo huwaokoa wasafiri safari nyingine ya kufuatilia marejesho.

Je, inafaa kukana mashtaka?

Inafaa ikiwa kweli hukutenda kosa au ushahidi una kasoro unayoweza kuionyesha. Haifai ikiwa lengo ni kuchelewesha, kwa sababu kila kuahirishwa kwa kesi ni safari yako, si ya afisa.

Sheria ya Trafiki ina kinga moja ambayo madereva wachache wanaijua: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa mwendo kasi kwa msingi wa shahidi mmoja tu anayesema kwamba, kwa maoni yake, gari lilikuwa likienda kasi. Kwa hiyo kipimo cha mashine ndicho uti wa mgongo wa kesi. Una haki ya kupewa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea, ikiwemo picha au karatasi ya kipimo na taarifa za mashahidi, na una haki ya kumuuliza afisa alisimama wapi, mashine ilihakikiwa lini, kulikuwa na magari mangapi, na alijuaje kwamba lililopimwa ni lako. Maswali hayo yakiwa na picha ya mahali palipokosa kibao, una kesi. Yakiwa matupu, una matumaini tu.

Pia kuna njia ya kati. Unaweza kukubali kwamba ulipita kiwango lakini ukapinga idadi ya kilomita, hasa ikiwa uko kwenye mpaka wa 20. Zungumza na kiongozi wa mashtaka kabla kikao hakijaanza. Yuko pale asubuhi, na kuzungumza naye waziwazi kuhusu hati ya mashtaka si kosa.

Nikipuuza na kwenda zangu?

Hakimu atatoa hati ya kukukamata na dhamana uliyoiacha inaweza kutwaliwa na serikali. Hati hiyo haizeeki kwa sababu umerudi nyumbani. Kosa la Sh3,000 linaweza kukufuata miaka baadaye kwenye kizuizi cha barabarani, ukiwa na familia garini. Ikiwa tayari umekosa tarehe, usingoje kukamatwa: nenda kwenye mahakama hiyo mwenyewe, au mtume wakili, uombe hati ibatilishwe na ueleze sababu ukiwa na kithibitisho kama vile karatasi ya hospitali.

Afisa amedokeza kwamba nikitoa “kitu kidogo” nitaendelea na safari.

Sheria ya Hongo ya 2016 inamwadhibu anayetoa sawa na anayepokea, na adhabu inafika kifungo cha miaka 10 au faini ya Sh5 milioni, au vyote viwili. Kwa hiyo utakuwa umelibadilisha kosa la faini kuwa kosa la jela. Najua kwamba aliye mbali na kwao, giza likiingia, huiona Sh500 kuwa njia fupi. Ndiyo maana ombi huja wakati huo. Rudia ombi la notisi. Ukitaka kuripoti, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, inapokea simu bila malipo kupitia 1551, na Mamlaka Huru inayosimamia utendakazi wa polisi, IPOA, kupitia 1559. Ripoti yenye saa, mahali na nambari ya utumishi ina maana kuliko ripoti yenye hasira.

Gari si langu. Nani anawajibika?

Aliyekuwa akiendesha. Hata hivyo, mwenye gari anaweza kutakiwa na polisi kueleza ni nani aliyekuwa na gari siku hiyo, na hawezi kukataa. Kama umelikodi, mjulishe mwenye gari siku hiyohiyo. Mikataba mingi ya kukodi inamwachia aliyelikodi gari faini zote za barabarani, na baadhi inaongeza gharama za usumbufu. Kama ni gari la kazi, mwajiri hana wajibu wa kukulipia, hata kama yeye ndiye aliyekupigia simu mara nne akikuharakisha.

Nimetoka Uganda au Tanzania. Sheria ni tofauti kwangu?

Sheria ni ileile. Tofauti ni kwamba, ukishavuka Busia au Isebania kurudi kwenu, kurudi kwa kesi ni vigumu zaidi, na polisi wanalijua hilo, kwa hiyo dhamana yako huenda ikawa kubwa. Kama unakubali kosa, omba ufikishwe mbele ya hakimu siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata, ulipe na uendelee.

Mbona ukaguzi ni mkali hivyo kati ya Salgaa na Londiani?

Kwa sababu ya historia ya barabara yenyewe. Mnamo Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Kabla ya hapo, Sachangwan na Salgaa zilikuwa zimeshapata sifa mbaya. Miteremko pale ni mirefu, na dereva wa gari dogo anayekwenda 120 akitegemea breki zake husahau kwamba nyuma yake kuna lori ambalo breki zake huenda zimeshachoka.

Nimepokea ujumbe wa simu unaosema nina faini ya mwendo kasi. Nilipe?

Usibofye kiungo kilichomo. Ingia wewe mwenyewe katika akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au uulize kituo cha polisi au mahakama iliyotajwa. Ujumbe usiotaja mahali, tarehe, nambari ya gari wala mahakama, lakini unaotaja muda wa saa chache wa kulipa, ni wa walaghai.

Sikuridhika na uamuzi wa hakimu. Nifanyeje?

Unaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Ikiwa ulikana na ukapatikana na hatia, unaweza kupinga uamuzi na adhabu pia; ikiwa ulikiri, kwa kawaida unaweza kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu pekee. Omba nakala ya mwenendo wa kesi siku hiyohiyo kabla hujaondoka mjini, ulipie ada yake na uchukue risiti, kwa kuwa siku 14 zinaanza kuhesabiwa tangu adhabu ilipotolewa, si tangu ulipofika nyumbani na kumpata wakili.